Mchakato haukai kwenye kundi lake: kutafuta kosa la cgrulesengd

Fundi mwenzangu wa Iringa alinipigia simu jioni moja. Tulipomaliza kamwene na habari za nyumbani akaingia kwenye shida yake na cgrulesengd, huduma ya Linux inayopeleka kila mchakato (programu inayoendelea) kwenye kundi lake, yaani cgroup, fungu la michakato linalowekewa vikomo vya prosesa na kumbukumbu. "Kaka, kanuni nimeandika vizuri kabisa, huduma inaonyesha iko hai, lakini R, programu ya takwimu ya wanafunzi, bado inameza prosesa zote nne." Akaanza kunisomea faili la `/etc/cgrules.conf` mstari kwa mstari. Nikamkatisha.

"Mdogo wangu, faili liache kwanza. Nitafutie namba ya huo mchakato, halafu nisomee kerneli, moyo wa mfumo wenyewe, inasema uko wapi."

Akaandika `cat /proc/4127/cgroup`, akasoma: `0::/user.slice/user-1004.slice/session-12.scope`.

Mstari huo mmoja ulitupunguzia nusu ya kazi. Mchakato ulikuwa bado kwenye kikao cha mtumiaji, pale pale systemd, msimamizi wa huduma zote za mfumo, ilipouweka alipoingia. Haukuwa umehamishwa kabisa, kwa hiyo hakukuwa na haja ya kuhangaika na vikomo vya kundi. Nimewaona mafundi wengi, hapa Mbeya na kwingineko, wakipandisha na kushusha vikomo vya kundi ambalo halina hata mchakato mmoja ndani yake. Ndiyo maana ninasisitiza: muulize kerneli kwanza, faili baadaye.

Kabla ya dalili, tukumbushane kazi ya huduma hii. cgrulesengd ni sehemu ya libcgroup, mkusanyiko wa zana za makundi haya. Inakaa nyuma, inasikiliza matukio ambayo kerneli inayatangaza: mchakato umezaliwa, umeanza kuendesha programu nyingine, umebadili mtumiaji au kikundi. Kila tukio likifika, inasoma mchakato huo ni wa nani na unaitwaje, inashuka kwenye kanuni kuanzia juu, na kanuni ya kwanza inayolingana ndiyo inayotumika. Kisha inaandika namba ya mchakato kwenye kundi lililotajwa, basi. Yenyewe haiweki vikomo. Hiyo ni kazi ya `cgconfigparser` inayosoma `/etc/cgconfig.conf`. Huduma yetu ni kama mtu wa stendi ya Kabwe anayeangalia anayeingia na kumwonyesha gari lake: wewe Uyole, wewe Tunduma. Gari likiwa halijafika, au abiria akitaja jina lisilojulikana, hakuna anachoweza kufanya.

Huduma iko hai lakini hakuna kinachohama

Usiamini neno `active` peke yake. Izime, kisha iendeshe kwa mkono ukiwa root ili uone inachokiona:

`cgrulesengd -d`

Alama hiyo inaizuia isijifiche nyuma na inamwaga logi zote kwenye skrini. Fungua dirisha jingine, anzisha programu unayotaka ihamishwe, halafu rudi kutazama. Utaona mambo mawili tofauti kabisa, na kila moja lina njia yake.

La kwanza, skrini inakaa kimya. Matukio hayafiki. Kwenye seva halisi kagua kama kerneli ilijengwa na uwezo huo: `grep PROC_EVENTS /boot/config-$(uname -r)` ikupe `CONFIG_PROC_EVENTS=y`. Kerneli za Debian, Ubuntu na jamii ya Red Hat huwa nao, kwa hiyo ukimya mara nyingi una sababu nyingine: seva uliyokodi si mashine kamili, ni kontena la LXC au la aina hiyo. Kerneli haitangazi matukio haya kwa aliye ndani ya kontena. Hakuna mpangilio utakaokusaidia hapo. Huduma iendeshwe kwenye mashine mama, au ukodi mashine pepe kamili.

La pili, matukio yanamiminika lakini programu yako haishikwi na kanuni yoyote. Hapo karibu kila mara ni jina.

Jina uliloandika silo jina la mchakato

Yule wa Iringa alikuwa ameandika hivi:

`@wanafunzi:Rscript   cpu,memory   uchambuzi`

Ni sahihi kwa macho. Wanafunzi huandika `Rscript kazi.R`, kwa hiyo akatumia jina hilo hilo. Lakini Rscript ni mlango tu. Ukiiita, inaita hati ya shell inayoitwa R, nayo inaishia kwenye programu yenyewe iliyoko `/usr/lib/R/bin/exec/R`. Namba ya mchakato inabaki ile ile, jina linabadilika ndani ya kufumba na kufumbua. Huduma inapofika kusoma jina, mara nyingi inakuta tayari ni R. Ndiyo maana alilalamika kwamba "siku nyingine inashika, siku nyingine haishiki": kila kazi mpya ilikuwa mbio kati ya huduma na Rscript, na mwanafunzi aliyefungua R moja kwa moja hakuguswa kamwe.

Dawa ni kuuliza tena kerneli:

`cat /proc/4127/comm`
`readlink /proc/4127/exe`

Andika kwenye kanuni kile ulichosoma pale, si kile mtumiaji anachoandika kwenye terminali. Kama watu wako wanatumia RStudio Server kupitia kivinjari, utakuta jina ni `rsession`, na hilo linahitaji mstari wake.

Mtego huo huo uko kwenye hifadhidata. Kanuni za zamani zinasema `mysql:mysqld`. Kuanzia MariaDB 10.5 programu inaitwa `mariadbd`, na `mysqld` limebaki jina la kiungo tu. Ukipandisha toleo, kanuni inakufa kimya kimya, bila ujumbe wowote, kwa kuwa kanuni isiyolingana si kosa. Kwa Java hali ni ngumu zaidi, maana programu zote za Java huitwa `java`. Hapo usihangaike na jina, mpe kila mfumo mtumiaji wake na uandike kanuni ya mtumiaji.

Ukiwa kwenye faili hilo, angalia pia mpangilio wa mistari. Kanuni ya `*` ikikaa juu inakusanya kila mtu, na zote zilizo chini yake hazifikiwi. Iweke mwisho, au uiondoe kabisa. Mimi naiondoa, na sababu nitaieleza nikifika kwenye systemd.

Na usisahau sudo. Huduma inaangalia mtumiaji anayetumika wakati huo. Mwanafunzi akiendesha kazi kwa sudo, mchakato ni wa root, na kanuni ya `@wanafunzi` haimhusu.

Jana ilifanya kazi, umeme ukakatika, leo haifanyi

Hili kwetu ni la kila msimu wa mvua. Radi ikipiga upande wa mlima Loleza, UPS inavumilia dakika zake, seva inalala. Ikiamka, kanuni zipo, huduma ipo, makundi hayapo. Makundi haya si saraka za kwenye diski, yanaishi ndani ya kerneli na yanapotea nayo. Ukiyatengeneza kwa `cgcreate` bila kuyaandika kwenye `/etc/cgconfig.conf`, hayarudi.

Kwenye Debian na Ubuntu kuna jambo la ziada: kifurushi cha `cgroup-tools` kinakuletea programu zote, lakini hakikuletei huduma ya systemd ya kuziwasha. Lazima uandike mwenyewe mbili, moja ya `cgconfigparser -l /etc/cgconfig.conf`, nyingine ya `cgrulesengd -n`, na ya pili iwe na `After=` na `Requires=` zinazotaja ya kwanza. Usipopanga mfuatano huo zinaamka kwa kushindana, na cgrulesengd inaweza kuanza kazi kabla makundi hayajazaliwa.

Kuna sababu nyingine ya baada ya umeme ambayo iliwahi kunilaza ofisini. Kama majina ya watumiaji yanatoka kwenye LDAP, yaani orodha ya pamoja iliyoko kwenye mtandao, na huduma ikisoma kanuni kabla SSSD inayoleta majina hayo haijaamka, haiwafahamu watumiaji hao. Kila kanuni yenye jina asilolijua inairuka na kuacha onyo kwenye logi lenye maneno `Skipping rule on line`. Baada ya dakika mbili LDAP iko sawa, ukiandika `id` jina linaonekana, wewe unaapa kwamba kila kitu ni kizima. Lakini kanuni zilisomwa mapema, nazo zimekwisha kurukwa. Ongeza `After=sssd.service`. Kwa siku hiyo, ilazimishe isome upya:

`pkill -USR2 cgrulesengd`

Kusoma upya kunahusu matukio yajayo. Mchakato uliokuwa tayari unaendelea unaweza kubaki ulipo, kwa hiyo upeleke kwa `cgclassify` ikifuatiwa na namba yake. Bila kutaja kundi, amri hiyo inafuata kanuni zilizoko kwenye faili.

Kundi linakataa, au faili la kikomo halipo

Sasa tuje kwenye sehemu inayowasumbua wengi waliokulia CentOS 6 na 7. Makundi haya yaliingia kwenye Linux 2.6.24 mwaka 2008, na toleo la pili likatangazwa rasmi kwenye kerneli 4.5 mwaka 2016. Kwa miaka kadhaa hakuna aliyelijali. Kisha Fedora 31 ikaligeuza kuwa la kawaida, ikafuata Debian 11, Ubuntu 21.10, RHEL 9. Ukihamisha seva kutoka mfumo wa zamani na kunakili mafaili yako yote mawili, utagonga ukuta. Jua kwanza uko wapi:

`stat -fc %T /sys/fs/cgroup`

Ikijibu `cgroup2fs`, uko toleo la pili. Ikijibu `tmpfs`, bado uko la kwanza au mchanganyiko.

Kwenye la pili majina ya vikomo yamebadilika. `cpu.shares` hakuna, kuna `cpu.weight`, na kawaida yake ni 100 badala ya 1024. `memory.limit_in_bytes` imekuwa `memory.max`. Ukiacha majina ya zamani, mstari unakataliwa na kundi linabaki bila kikomo. Kwenye seva yangu kundi la uchambuzi limeandikwa hivi:

```
group uchambuzi {
    cpu {
        cpu.weight = 50;
        cpu.max = "200000 100000";
    }
    memory {
        memory.max = 4294967296;
    }
}
```

Mstari wa `cpu.max` unasema: katika kila mikrosekunde 100000 kundi lisitumie zaidi ya 200000, yaani prosesa mbili nzima. Hapa watu huchanganya. `cpu.weight` haizuii kitu seva ikiwa haina msongamano. Kundi la uzito mdogo likiwa peke yake usiku linaweza kutumia prosesa zote, na hiyo ni haki yake, wala si kosa la kutafuta. Uzito unaanza kusema pale wawili wanapogombea. Ukitaka ukuta, tumia `cpu.max`, na uthibitishe kwa kusoma `nr_throttled` ndani ya `cpu.stat`: namba ikipanda, ukuta unagusa.

Jingine: kwenye toleo la kwanza mchakato ungeweza kuwa kundi hili kwa prosesa na kundi lile kwa kumbukumbu, ndiyo maana kanuni za zamani zina mistari inayoanza na `%` ikitaja kundi tofauti kwa kila kidhibiti (`cpu`, `memory` na kadhalika). Kwenye la pili mchakato una kundi moja tu. Kanuni za namna hiyo ziandike upya, usijaribu kuzitafsiri.

Ukipata `Device or resource busy` wakati wa kuhamisha, umelenga kundi lenye makundi madogo chini yake ambalo limekwisha kugawa vidhibiti. Michakato hukaa kwenye majani ya mti, si kwenye matawi. Lenga `uchambuzi/kazi` badala ya `uchambuzi`.

Na kama kundi lipo lakini ndani yake hakuna faili la `cpu.max`, tazama juu yake:

`cat /sys/fs/cgroup/cgroup.subtree_control`

Mimi nilikuta `memory pids`. Neno `cpu` halimo, kwa hiyo hakuna kundi la chini ambalo lingepata kidhibiti hicho. Nikaandika `+cpu` kwa mkono, faili likatokea, nikafurahi. Baada ya muda likapotea tena. Mwenye mti huu ni systemd, na inapopiga hesabu ya huduma zake ikaona hakuna inayohitaji `cpu`, inaweza kukiondoa. Kilichonisaidia ni kuipa systemd sababu yake yenyewe ya kukihitaji: nilipanga uzito wa huduma moja ya kudumu, na tangu hapo `cpu` haijaondoka.

Huduma ikizimwa, watoto wake wanabaki

Hii ndiyo sababu ya kuchukia kanuni ya `*`. systemd inazijua huduma zake kwa makundi. Kwenye toleo la pili, ukiuhamisha mchakato wa huduma kwenda kundi lako, umeutoa mikononi mwa systemd. `systemctl status` inaonyesha huduma iko hai lakini orodha ya michakato chini yake ni tupu au pungufu. Ukiizima, mchakato mkuu unapata taarifa, ila watoto waliohamishwa hawaguswi, na ukiiwasha tena bandari inagoma kwa sababu mtoto wa zamani bado ameishika.

Ilitokea kwenye seva ninayoitunza hapa mjini. Inabeba hifadhidata ya mapokezi ya kahawa kutoka Mbozi, na hapo hapo watafiti wanachambua takwimu zao. Nilikuwa nimeandika kanuni ya kuhamisha hifadhidata kwenda kundi lake. Leo nisingeiandika. Huduma ya kudumu iachie systemd:

`systemctl set-property mariadb.service CPUWeight=400 MemoryHigh=3G`

Amri hiyo moja ilinipa mambo mawili: kahawa ikapata kipaumbele bila kuhamishwa popote, na `cpu` ikatulia kwenye mzizi wa mti kama nilivyosema. Kwa watumiaji wote kwa jumla unaweza kuweka kikomo ndani ya `/etc/systemd/system/user-.slice.d/`, na kila anayeingia anakipata. Red Hat wenyewe tangu RHEL 7 wanaelekeza watu huko. cgrulesengd ninaibakiza kwa kazi moja tu ambayo systemd haiifanyi: kutenganisha programu kwa jina ndani ya kikao cha mtumiaji yule yule, ili R ibanwe huku kihariri na terminali ya mtafiti vikibaki vyepesi.

Umehamia, lakini kumbukumbu haikuhama

Rudi stendi. Abiria amehamishiwa gari jingine, mzigo wake umebaki juu ya gari la kwanza. Ndivyo ilivyo kwa kumbukumbu: zile gigabaiti ambazo mchakato ulishazishika zinaendelea kuhesabiwa kwa kundi la zamani. Ukiihamisha R ambayo tayari imepakia gigabaiti 6, `memory.current` ya kundi jipya inaanza karibu na sifuri, na `memory.max` ya gigabaiti 4 haiuoni mzigo huo. Huduma ikikamata mchakato unapoanza, shida hii haipo. Inakuja ukihamisha kwa mkono kazi iliyokwisha kukomaa. Kwa kazi nzito, ianzishe ndani ya kundi tangu mwanzo:

`cgexec --sticky -g cpu,memory:uchambuzi Rscript kazi.R`

Hilo neno `--sticky` lina maana yake. Bila hilo, huduma inaweza kuona tukio jipya, ikafuata kanuni, na kurudisha mchakato usikotaka wewe. Kama umewahi kuhamisha kitu kwa mkono ukakikuta kimerudi baada ya muda mfupi, ni hapo.

Kinyume chake, mtafiti akilalamika kwamba kazi yake inakufa na neno `Killed` tu, soma `memory.events` ya kundi. `oom_kill`, hesabu ya michakato iliyouawa kwa kukosa kumbukumbu, ikiwa si sifuri, kikomo chako kinafanya kazi uliyokituma. Zungumza naye kuhusu ukubwa wa takwimu zake kabla ya kuongeza namba.

Michache inaponyoka seva ikizidiwa

Kazi inayozaa michakato mamia kwa sekunde inaweza kujaza foleni ya matukio. Logi itaandika `NETLINK BUFFER FULL, MESSAGE DROPPED`. Tukio lililodondoka halirudi. Hapa kinachookoa ni urithi: mtoto huzaliwa kwenye kundi la mzazi, kwa hiyo mkamate mzazi, nao watoto watakuwa salama bila kutegemea tukio lao.

Yule wa Iringa alibadilisha `Rscript` kuwa `R`, akaandika huduma zake mbili kwa mfuatano. Nikamwomba afanye jambo moja zaidi kabla hajalala: azime seva na kuiwasha, aanzishe kazi kama mwanafunzi wa kawaida, bila kugusa chochote kwa mkono. Saa nne usiku akanitumia picha ya skrini. `0::/uchambuzi`.